Makaroni bila nyama: mkaa wako unaishia wapi?

Ukiuliza namna ya kupika bila kuumiza tabianchi, jibu la kwanza utakalopewa ni hili: punguza nyama. Ni kweli. Ng'ombe akicheua anatoa methani, na kilo moja ya methani inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Kwa hiyo makaroni ya nyanya na maharage ni chaguo zuri.

Lakini tuongee ukweli. Wewe uliyepanga chumba hapa Ipogolo, nyama unakula mara ngapi kwa wiki? Kuna mzigo mwingine umekaa pale pembeni: mkaa. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya hapo, wengi wetu bado tuko na jiko la mkaa. Hebu tupige hesabu.

Tuseme unachemsha makaroni kwa lita 3 za maji, sufuria wazi, moto mkali. Ipogolo iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, siyo 100. Kuyapandisha kutoka nyuzi 20 hadi 95 unahitaji 3 × 4.2 × 75, yaani kilojuli 945.

Sasa yameshachemka. Ukiendelea kupepea moto, maji hayapandi joto tena. Yanabaki pale pale kwenye 95, na nishati yote ya ziada inaondoka na mvuke. Kugeuza nusu lita tu kuwa mvuke kunakula kilojuli kama 1,130. Kumbe ule mvuke umekula nishati nyingi kuliko kuchemsha lita zote 3!

Kwa mkaa ni kiasi gani? Kilo moja ya mkaa ina kilojuli kama 30,000. Tuchukulie jiko linafikisha moja ya tano kwenye sufuria, yaani 6,000. Hapo ile nusu lita ya mvuke imekula gramu kama 190 za mkaa. Na kwenye tanuri la kienyeji la udongo, kilo moja ya mkaa inatoka kwenye kilo 5 hadi 10 za mti. Maana yake kilo moja hadi karibu mbili za mti wa miombo zimeisha, na makaroni hayajaiva haraka zaidi hata kidogo.

Kwa nini hayajaiva haraka? Kwa sababu yanayoivisha ni maji na joto, siyo mapovu. Wanga wa ngano unaanza kunyonya maji na kuvimba kwenye nyuzi 60 na kitu, na protini yake inashika kwenye nyuzi kama 80. Mwaka 2022, gharama za nishati zilipopanda Ulaya, Giorgio Parisi, Mtaliano aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2021, aliwahimiza watu wazime jiko katikati ya upishi na kufunika sufuria.

Sawa, lakini mkaa hauzimwi kwa kitufe. Kwa hiyo sisi tunabadilisha sufuria. Kwa watu wawili au watatu:

1. Chemsha lita moja na nusu ya maji, sufuria ikiwa imefunikwa. Weka chumvi na makaroni nusu pakiti (gramu 250), koroga, funika.
2. Baada ya dakika 3 epua. Izungushie sufuria taulo au blanketi kuukuu, uiache kama dakika 12. Onja, kama bado magumu, ongeza dakika chache.
3. Kwenye mkaa ule ule kaanga kitunguu, weka karoti, hoho na nyanya nne. Zikirojeka, ongeza maharage yaliyoiva jana.
4. Chuja makaroni, bakiza kikombe cha maji yake. Yana wanga, yanafanya rojo iwe nzito. Changanya vyote.
5. Mkaa uliobaki ufunike kwenye debe lenye mfuniko wa bati. Kesho unawaka tena.

Angalizo moja: usifanye mchezo huu na maharage mabichi. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoitwa lektini, ambayo haiishi kwa joto la kuvizia. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, halafu chemsha kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto.

Usituamini hivi hivi. Siku moja pika kwa njia yako ya kawaida, na pima maji kwa jagi kabla na baada. Siku ya pili pika hivi. Hesabu makopo ya mkaa, halafu zidisha kwa siku za mwezi.