Kinachowasukuma wanafunzi wa vyuo vikuu kufanya biashara

KATIKA mabweni ya vyuo vikuu vingi nchini, si ajabu kukuta chumba kimoja kimegeuzwa duka la mikate na maziwa, kingine cha kusukia nywele, na cha tatu kimejaa viatu vya mitumba kutoka soko la Gikomba.

Msukumo wa kwanza wa biashara hizi ni uhitaji. Mapema miaka ya 1990, serikali ilipoanza kugawana gharama ya elimu na wazazi, wanafunzi walipoteza posho waliyoiita 'boom' na wakaanza kujilipia chakula. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa mwaka 1995, huwakopesha, lakini mara nyingi mkopo huo hukawia. Tumbo nalo halijui kusubiri.

Pili, wanafunzi wanahofia kukosa kazi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzishwa mwaka 1970, kilikuwa cha pekee nchini na waliohitimu walisubiriwa na ofisi za serikali. Leo vyuo vikuu vimepita 60 ilhali ajira hazijaongezeka kwa kasi hiyo. Mwanafunzi aliyemwona kaka yake akizunguka na vyeti mitaani hangoji kuambiwa.

Aidha, soko liko mlangoni. Maelfu ya vijana wa rika moja, wenye mahitaji yaleyale, huishi pamoja. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, malipo hufanyika kwa simu, na mitandao ya kijamii imewawezesha wengi kuonyesha bidhaa bila kukodi duka.

Hata hivyo, kinachoanzisha biashara sicho kinachoidumisha. Anayeuza kwa sababu ya njaa hula faida, kisha mtaji. Siku anapohitimu, wateja wake hubaki bwenini na biashara hufa. Aliyeanza kwa kutambua pengo, kwa mfano fundi wa kompyuta katika mji usio na fundi, huondoka na ujuzi ambao hata wasio wanafunzi watauhitaji.

Si kwamba anayesukumwa na uhitaji hawezi kufaulu. La muhimu ni kujiuliza mapema: je, nikitoka hapa, nani atanunua?

Hatari kubwa zaidi ni kutumia pesa za karo kama mtaji. Bidhaa zikikosa wanunuzi, mwanafunzi huenda akazuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya deni la karo. Isitoshe, mkopo wa HELB hutakiwa kulipwa kwa riba, kuanzia mwaka mmoja baada ya kuhitimu, biashara iwe imenawiri au imeporomoka.

Kwa hivyo ni heri kuanza na kiasi ambacho kikipotea masomo hayatakatizwa, na kuandika kila shilingi inayoingia na kutoka. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.