Treni ya Malaba Ianze na Ratiba

Mkazi wa Mella, jirani na Malaba ya mpakani mwa Uganda na Kenya, katika Wilaya ya Tororo, haendi Mombasa kila asubuhi. Anakwenda hospitalini Tororo, anapeleka nyanya Busia, anavuka mpaka kuzika shangazi yake na kurudi kabla ya giza. Wateso wa eneo hili wana ndugu Uganda na Kenya, na safari zao ni fupi, za kila wiki au kila siku. Reli inapita karibu nao, lakini tangu ilipofika Kampala mwaka 1931 kazi yake kubwa imekuwa kupeleka mizigo bandarini na kuleta mingine.

Tukisema treni ya abiria iwahudumie watu hawa, wengi huuliza kwanza kuhusu mwendo kasi. Mimi naanza na saa. Uswisi waliweka treni za kila saa nchi nzima mwaka 1982, na mwaka 1987 wananchi wakapigia kura mpango wa kuboresha reli zao. Wahandisi walichora ratiba kwanza, kisha wakajenga pale tu ratiba ilipodai. Kati ya Bern na Zürich safari ilizidi saa moja. Mwaka 2004 njia mpya iliishusha hadi dakika 56. Dakika hizo zilitosha: treni inafika kabla ya saa kamili, abiria wanahamia nyingine zinazowasubiri, kisha zote zinaondoka.

Tulete hesabu hiyo hapa kwetu. Malaba hadi Tororo ni kama kilomita 15. Treni fupi ya dizeli, isiyohitaji kichwa cha kuivuta, ikienda kilomita 40 kwa saa na kusimama mara mbili njiani, itatumia dakika 25 hivi. Iondoke Malaba saa 12:02 asubuhi, ifike Tororo 12:27. Igeuze saa 12:33, iwe Malaba 12:58. Treni moja tu, na kila mji una safari ya kila saa, dakika zile zile mchana kutwa. Bibi asiyejua kusoma ataikariri ratiba hiyo.

Sasa tuseme mataruma yameoza sehemu mbili, dereva analazimika kutambaa, na safari inafika dakika 35. Mzunguko hautoshi tena ndani ya saa. Itabidi kununua treni ya pili na kuajiri wafanyakazi wengine, au kuwaacha watu wasubiri. Ndiyo maana fedha za kwanza ningezipeleka kwenye vipande hivyo viwili, si kwenye kutafuta mwendo wa kilomita 100. Za pili zingejenga mahali pa kupishana, kwa sababu njia ni moja na treni ya makontena ikiingia, ya abiria lazima iwe na pa kuipisha.

Busia haina reli. Tawi lililotoka Kisumu liliishia Butere. Basi, matatu za Busia, kama kilomita 30 kutoka Malaba, zingojee kando ya jukwaa dakika ile treni inapofika, na Tororo magari ya Mbale yafanye vivyo hivyo. Ukaguzi wa pasipoti na vitambulisho ufanyike mara moja, papo hapo jukwaani, na maofisa wa nchi zote mbili wakae dawati moja. Abiria akitembezwa foleni mbili, faida yote ya treni imeliwa.

Oktoba 2024 Uganda ilisaini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki kujenga kilomita 272 za reli ya kisasa (SGR), Malaba hadi Kampala. Nafurahi, ila nina wasiwasi na stesheni. Stesheni ya SGR ya Mombasa iko Miritini na ya Nairobi iko Syokimau, nje ya mji, na abiria wengi hulipa nauli nyingine kumalizia safari. Reli ya zamani, geji ya mita moja, inaingia Tororo yenyewe. Isiachwe iote nyasi. SGR ibebe wa Kampala, ya zamani ibebe wa karibu, na stesheni ya SGR ijengwe mahali ambapo treni za reli zote mbili zinaweza kusimama jukwaa moja. Hilo lazima liamuliwe sasa, ramani zingali mezani, kwa maana stesheni ikishamwagiwa zege haihamishwi.