Kwa nini simu ilichelewa kupata maboresho, na nini kimebadilika

Simu yako ya Android inaendeshwa na programu yenye mamilioni ya mistari. Zamani, mistari ya Google na ile ya watengeneza chipu na kamera ilishikana. Google ikitoa toleo jipya, wenye chipu walirekebisha sehemu yao kwanza, kisha kampuni ya simu nayo ikafuata. Simu nyingi za bei nafuu zilibaki na matundu ya usalama, na wezi wa mtandaoni hupitia humo.

Mwaka 2017, Android 8 ilitenganisha pande hizo mbili na kuweka mpaka maalumu wa kuwasiliana. Mwaka 2019, Android 10 ikagawa baadhi ya kazi katika moduli, kama ile ya kucheza video, zinazoboreshwa kupitia Google Play. Ni kama baiskeli: mnyororo ukikatika, unabadilisha mnyororo tu.

Kijana unayeanza kutengeneza programu, gawa kazi mapema, kabla haijakua ikakushinda. Nawe mwenye simu, ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya usalama, uone ulisasisha lini mara ya mwisho.