Ugonjwa Mmoja, Kila Mwili na Kipimo Chake

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huu wawafaa wale wamchekao mwenzao kwa uvivu, kumbe maskini tezi yake ya shingo imelegea.

Tezi hiyo, iitwayo thairoidi, imekaa mbele ya koo kama kipepeo aliyetandaza mbawa. Kazi yake ni kutoa homoni ziendeshazo joto la mwili, mapigo ya moyo na usagaji wa chakula. Homoni hizo zikipungua, mwili hupoa kama jiko lisilopulizwa. Lakini haupoi kwa wote namna moja. Huyu huchoka na kunenepa. Yule huona baridi hata Mombasa wakati wa kaskazi. Mwingine hufunga choo, ngozi ikamkauka na nywele zikamdondoka. Mwanamke huenda akavurugikiwa na hedhi. Mzee husahau mambo, jamaa wakadhani ni uzee tu. Kuna watokwao na rovu, na kuna ambao shingo zao hazina hata dalili.

Kwa hivyo macho hayatoshi. Sharti damu ipimwe. Hutangulizwa kipimo cha TSH, homoni itokayo katika tezi iliyo chini ya ubongo. Hiyo ni mithili ya nahodha: mabaharia wakizembea, yeye huzidi kupaza sauti. Thairoidi ikilegea, aghalabu TSH hupanda. Maabara nyingi huhesabu baina ya 0.4 na 4 kuwa ni salama. Hata hivyo, mwaka 2002 wataalamu wa Denmark walichapisha utafiti juu ya wanaume 16 wenye afya, waliopimwa kila mwezi kwa mwaka mzima. Ilidhihirika kwamba viwango vya homoni vya kila mmoja vilicheza katika nafasi yake mwenyewe, ambayo upana wake ni kama nusu tu ya ile ya kundi zima. Yaani tarakimu imtoshayo Juma yaweza kuwa ni upungufu kwa Ali.

Tiba yake si ya jana. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama wa miaka 46 dawa iliyotokana na tezi ya kondoo, na mama huyo akaishi hadi 1919. Leo hutumika kidonge cha levothairoksini, kila siku, tumbo likiwa tupu.

Kiasi nacho hakilingani. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mzee mwenye moyo dhaifu huanzishiwa 12.5 au 25 kwa siku. Mja mzito aghalabu huongezewa. Kisha damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Basi, msomaji, usimeze kidonge cha jirani, kwani kikizidi moyo hupapa na mifupa hudhoofika. Nawe daktari, ukishaisoma karatasi ya maabara, msikilize na mgonjwa.