Mbwa Akila Chokoleti

Mimi hutibu watu, lakini jirani hunigongea mlango hata mbwa wake anapougua. Majuzi mbwa huyo alikuwa amekula chokoleti ya watoto, naye jirani tayari ameshika kikombe cha maji ya chumvi. Usifanye hivyo, msomaji: chumvi nyingi yaweza kumuua mbwa, nayo maziwa hayaondoi sumu.

Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Ile nyeusi, pamoja na unga wa kakao, ni hatari kuliko ya maziwa. Chukua karatasi yake, kadiria uzito wa mbwa, umpigie simu daktari wa mifugo papo hapo, hata kama mbwa angali anacheza. Dalili huweza kuchelewa saa kadhaa: kutapika, kuhangaika, moyo kwenda mbio. Akifikishwa mapema, daktari humtapisha kwa dawa; akishaanza kutetemeka na kukakamaa, nafasi hiyo imepita.