Mali ya Wakfu Ndani ya Makumbusho: Historia ya Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu ya Cairo na Hukumu Zake

 

Msomaji akiingia katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu yaliyopo Bab al-Khalq mjini Cairo, ataona taa za kioo, mihrabu za mbao, milango na misahafu. Vingi kati ya vitu hivi havikutengenezwa ili vitazamwe. Taa ilitengenezwa iwake msikitini, na mihrabu ilichongwa ili imamu asimame mbele yake. Tena wenye kuvitoa walivitoa kwa niya ya wakfu, wakitaraji thawabu isiyokatika. Basi ni nani aliyevitoa misikitini, kwa sababu gani, na sheria inasema nini juu ya jambo hilo? Katika makala haya tutaanza na historia, kisha tutaingia katika hukumu.

Makumbusho yalivyoanza

Katika karne ya 19 misikiti mingi ya kale ya Cairo ilikuwa imechakaa. Mapato ya wakfu zake yalikuwa yamepungua au yamepotea, na wanunuzi kutoka Ulaya walikuwa tayari kutoa fedha kwa kila kipande. Mimbari nzima ya zama za Sultan Qaitbay ilinunuliwa mwaka 1869 na makumbusho ya London ambayo leo huitwa Victoria and Albert, na iko huko mpaka sasa. Mbao za mimbari ambayo Sultan Lajin aliiweka katika msikiti wa Ibn Tulun mwaka 1296 nazo zilibanduliwa, na baadhi yake ziko London pia. Taa za misikiti zilitawanyika namna hiyo hiyo.

Hali hiyo ndiyo iliyoleta fikra ya kuvikusanya vitu hivi. Mwaka 1880, katika utawala wa Khedive Tawfiq, vilianza kuwekwa katika kumbi za msikiti wa al-Hakim, msikiti wa zama za Fatimiyya ambao wakati huo ulikuwa karibu na gofu. Mwaka 1881 ikaundwa kamati ya serikali ya kuhifadhi majengo ya kale ya Kiarabu. Vitu vilipozidi, likajengwa jengo dogo katika uwanja wa msikiti huo, na hilo nalo halikutosha. Tarehe 28 Desemba 1903 Khedive Abbas Hilmi wa Pili alifungua jengo la Bab al-Khalq linalotumika hadi leo.

Wasimamizi wa mwanzo walikuwa wageni: Julius Franz, kisha Max Herz aliyetoka Hungaria. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 Herz alilazimika kuondoka Misri, na nafasi yake ikashikwa na Mmisri, Ali Bahgat. Huyu ndiye aliyeongoza uchimbaji wa Fustat, mji uliojengwa na Amr bin al-As (r.a.), ambao vyombo na vigae vyake vimejaza kumbi za makumbusho. Jina la kwanza lilikuwa Nyumba ya Athari za Kiarabu. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1950, likabadilishwa na kuwa Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, kwani mazulia ya Iran na vyombo vya Uturuki visingeweza kuitwa vya Kiarabu.

Leo hazina yake inapita vitu 100,000. Vinavyowekwa mbele ya watu ni sehemu ndogo tu.

Baadhi ya vilivyomo

Kwanza, jiwe la kaburi la Abdurrahman bin Khayr al-Hajri, la mwaka 31 Hijria (652 Miladia), zama za Khalifa Uthman bin Affan (r.a.). Ni katika mashahidi ya makaburi ya kale kabisa ya Kiislamu yenye tarehe. Limeandikwa kwa herufi za kale zisizo na nukta, na linamuomba msomaji amtakie maiti maghfira na aitikie amina.

Pili, birika la shaba ambalo mdomo wake una umbo la jogoo, linalonasibishwa na Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya wa Sham, aliyeuawa Misri mwaka 132 Hijria (750 Miladia).

Tatu, mihrabu ya mbao iliyotengenezwa kwa ajili ya msikiti wa al-Azhar kwa amri ya al-Amir wa Fatimiyya, mwaka 519 Hijria (1125 Miladia).

Nne, ufunguo wa Al-Kaaba wenye jina la Sultan Shaaban, wa mwaka 765 Hijria.

Tano, taa za kioo za zama za Mamluki, zilizopambwa kwa rangi na dhahabu, nyingi zikiwa zimetoka katika msikiti na madrasa ya Sultan Hasan. Juu ya taa za aina hii mara nyingi huandikwa sehemu ya aya ya 35 ya Suratun Nur.

Athari si dalili

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wetu wanapaswa kulishika. Akiliona jiwe la mwaka 31 Hijria, mtu anaweza kusema: basi kuandika juu ya makaburi kunafaa, kwani kulifanyika zama za masahaba. Lakini Imam Tirmidhi amepokea hadithi ya Jabir (r.a.) inayokataza kuandika juu ya kaburi. Al-Hakim wa Naysabur alipoipokea alieleza kuwa watu wa mashariki na magharibi hawakuifanyia kazi, kwa kuwa makaburi ya maimamu yameandikwa. Imam Dhahabi akamrudi kwamba hajui sahaba yeyote aliyefanya hivyo, na kwamba ni jambo lililozushwa na watu wa baadaye ambao makatazo hayakuwafikia.

Je, jiwe hili linampinga Dhahabi? Linathibitisha kuwa mtu fulani huko Misri aliandika. Halituambii kuwa sahaba aliamrisha au alinyamaza baada ya kuona. Mwanahistoria anapata faida kubwa kwake, ama faqihi bado anarejea kwenye dalili zake. Na hivyo hivyo kwa mbao za jumba la Fatimiyya zilizomo humo, zilizochongwa wawindaji na wapiga ala: zinatueleza yaliyokuwepo, hazihalalishi kitu.

Suala la wakfu

Sasa turudi kwenye taa. Asili ya wakfu ni hadithi ya Umar bin al-Khattab (r.a.) na ardhi yake ya Khaybar, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mali hiyo ilizuiliwa isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na manufaa yake yaende katika kheri. Kwa msingi huu, mbao za mimbari iliyo wakfu zilizouzwa kwa mgeni ziliuzwa bila haki, hata kama muuzaji alikuwa mlinzi wa msikiti wenyewe.

Ama kuhamisha bila kuuza, maulamaa wana ufafanuzi. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, ni makali zaidi: msikiti ukibomoka hautoki katika wakfu. Hata hivyo wamesema vifaa vyake vikihofiwa kupotea, vihifadhiwe, na kadhi akiona maslahi avitumie katika msikiti mwingine, wa karibu ukiwa ni bora zaidi. Abu Yusuf katika Mahanafi naye ameruhusu vifaa vya msikiti usiohitajika tena vipelekwe msikiti mwingine. Mahanbali wamefungua mlango zaidi, wakitoa hoja kuwa Umar (r.a.) alimwandikia Saad bin Abi Waqqas (r.a.) auhamishe msikiti wa Kufa baada ya baitul mali kuibwa. Ibn Taymiyya akaruhusu kubadilisha hata kwa maslahi yaliyo bora zaidi, si kwa dharura tu.

Tukipima kwa mizani hii, tunaona kuwa kamati ya Cairo ilikuwa na hoja katika kuhifadhi, kwa sababu hofu ya kupotea ilikuwa ya kweli. Lakini hoja hiyo ina mipaka. Wote tuliowataja wanarejesha kifaa kwenye msikiti, au kwenye kheri inayofanana na ile ya kwanza. Taa iliyo ndani ya sanduku la kioo haimuangazii anayeswali. Kwa hiyo kuiweka makumbusho ni kuihifadhi kama amana, na jina la msikiti wake na mwenye kuitoa wakfu lisifutwe kamwe katika daftari.

Wala tusidhani kuwa makumbusho ni ngome. Tarehe 24 Januari 2014 gari lenye bomu lililipuka mbele ya makao ya polisi yaliyo ng'ambo ya barabara. Watu waliuawa, na ndani ya makumbusho vitu 179 viliharibika, zikiwemo taa za kioo. Ukarabati ulichukua miaka, na milango ikafunguliwa tena Januari 2017. Mwanzoni mwa mwaka huo huo taa sita ziliibwa katika msikiti wa Rifai, mjini Cairo humo humo, kisha zikapatikana. Hatari iko msikitini, na hatari iko makumbusho.

Yanayotuhusu sisi

Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107 Miladia) kwenye mihrabu, na watu bado wanaswali hapo. Hii ndiyo hifadhi iliyo bora: kitu kubaki mahali pake, kikifanya kazi yake. Pwani yetu pia ina misahafu ya mkono, kama ile ya Siyu, na vitabu vya wakfu vilivyomo misikitini na majumbani. Mutawalli na maimamu waandike orodha ya walivyonavyo, wavikinge na mchwa na unyevu, na wasiruhusu kitu kitoke bila hati na bila kadhi kujua. Kikilazimika kupelekwa kuhifadhiwa, kiende kama amana, si kama bidhaa.

Siku ya ufunguzi wa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alimrudishia Uthman bin Talha (r.a.) ufunguo wa Al-Kaaba, na wafasiri wengi wameliunganisha tukio hilo na aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Ufunguo wa Sultan Shaaban uko Cairo unatazamwa, lakini ulinzi wa Al-Kaaba ungali kwa Bani Shayba mpaka leo. Chombo kinaweza kuhama. Amana haihami.

Wallahu a'lam.