Shimo Halina Umri

Mabirika ya ubatizo yaliyochongwa kwa mawe tangu karne ya 11 hadi ya 15 bado yamo katika makanisa mengi ya vijijini Uingereza, nayo humpa mchunguzi taabu: jiwe halisemi lilichongwa lini. Jiwe la chokaa la enzi ya Jura lina umri wa zaidi ya miaka milioni 145, na patasi haiubadili umri huo. Kinachosaidia ni alama za matumizi. Kwenye ukingo wa mabirika mengi mtu hukuta vishimo viwili vinavyotazamana, pengine na kipande cha chuma kilichozibiwa humo kwa risasi. Hapo ndipo kifuniko kilipofungwa. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mabirika yafunikwe na kutiwa kufuli, kwa kuwa watu waliyaiba maji yaliyobarikiwa wakayafanyie uchawi. Kwa hiyo ukingo uliotobolewa hueleza mambo ambayo nakshi peke yake haiwezi kuyaeleza.

Ntusi, wilayani Sembabule nchini Uganda, kaskazini-mashariki ya Mbarara, taabu hiyo ni kubwa zaidi, maana chombo chenyewe hakikuchongwa. Ni Bwogero, bonde pana lililokwanguliwa na watu, udongo wake ukarundikwa kandokando. Jina linatokana na kuoga, kitenzi ambacho Mswahili anakitambua mara moja, na masimulizi yanalihusisha na Wachwezi, watawala wa kale wa simulizi za eneo hilo. Mimi naona ushahidi unaelekea kwenye maji ya ng'ombe. Shimo ni utupu, na utupu haupimwi umri. Hupimwa vilivyoachwa na waliokaa kando yake. Karibu na hapo kuna vilima viwili vya taka za kale, kimoja kikiitwa cha kiume na kingine cha kike. Mwanaakiolojia Andrew Reid alichimba Ntusi mwishoni mwa miaka ya 1980. Vipimo vya kaboni 14 vinaonyesha kwamba watu waliishi hapo tangu karne ya 11 hadi ya 15. Mifupa ni ya ng'ombe kwa wingi, na mingi ni ya ndama, pamoja na vigae na mawe ya kusagia nafaka. Watu wenye mifugo mingi kiasi hicho, katika nchi ya nyasi ambayo kiangazi chake ni kikali, walihitaji mahali pa kuyakusanya maji ya mvua.

Mtu atapinga kwamba udongo hunywa maji, kwa hiyo bonde lisilo na sakafu ya mawe lingekauka upesi. Hata jiwe la chokaa huvuja, ndiyo maana mabirika ya Uingereza yaliwekwa bitana ya risasi. Lakini mfugaji wa Ankole anayo dawa yake. Ekibumbiro, hori la kunyweshea ng'ombe kando ya kisima, hufinyangwa kwa udongo wa mfinyanzi, na linapopasuka hupakwa udongo mbichi tena na tena. Kwenye bwawa kwato hufanya kazi hiyohiyo: ng'ombe wakikanyaga tope siku baada ya siku, vijitundu vya hewa huzibika na sakafu hukaza. Mifugo inayokunywa ndiyo inayoliziba bwawa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: umri wa taka si umri wa bonde, kwani lingeweza kuchimbwa baadaye. Ni kweli, na kaboni 14 ina udhaifu mwingine, kwa kuwa mkaa wa kiini cha mti mzee huonyesha tarehe ya nyuma kuliko moto wenyewe. Hata hivyo, atakayelihamisha bonde hadi zama za baadaye itambidi aonyeshe watu wengine waliokuwa na ng'ombe na nguvukazi ya kutosha mahali hapohapo baada ya Ntusi kuhamwa. Wala jina la kuoga halinizuii. Waliofika baadaye walikuta bonde kubwa lisilo na mwenyewe wakalipa jina kwa kadiri walivyolielewa, na jina hilo linatuhabarisha juu yao. Waliolichimba bonde tunapaswa kuwauliza kupitia tope lililotuama chini kabisa mwa bonde, ambamo chembe za silika za nyasi hudumu hata nyasi zenyewe zinapooza.